Vazi la ofisini ni kwa ajili ya mwananchi

Mazungumzo ya afisa wa rasilimali watu kwa wanagenzi wapya wa kaunti. Tunayachapisha kwa sababu yanawahusu pia wakazi wanaofika katika ofisi zetu.

  

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu mavazi ya kazini. Naona wengine mmeanza kuangaliana viatu. Tulieni, sikuja kumkagua mtu. Nitaanza na kisa changu mwenyewe.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza, kabla kaunti hazijaanza, niliwekwa kwenye meza ya mapokezi katika ofisi moja ya umma. Nilikopa pesa kwa mjomba wangu, nikanunua suti nyeusi ya polista, tai, na viatu vilivyonibana vidole. Ile methali ya nguo ya kuazima mnaijua. Mbele ya wakubwa sitaimalizia. Ulikuwa mwezi wa Februari, na joto la Februari hapa kwetu hamhitaji kuelezwa. Nilivuka Likoni kwa feri, nimesimama katikati ya umati. Kufika ofisini, shati lilikuwa limenigandama mgongoni. Ilipofika saa nne kichwa kinanigonga, na viatu nimevivua chini ya meza.

Hapo akaingia mzee mmoja, mvuvi, kavaa kikoi, fulana na champali, mkononi ana bahasha. Sikumuuliza shida yake. Nilimwambia, "Mzee, hapa ni ofisini. Nenda ukavae vizuri ndipo urudi." Akanijibu, "Haya, mwanangu," akatoka.

Alirudi siku ya pili, kavaa kanzu. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya basari ya mjukuu wake. Muda wa kupokea fomu ulikuwa umekwisha jana yake, saa kumi na moja jioni. Nilizunguka na fomu ile ofisi tatu. Haikupokelewa.

Siku ile hakuna aliyenikosoa mavazi yangu. Suti ilikuwa safi na tai imekaa sawa. Lakini nilivaa nionekane mkubwa, na adha ya nguo zile nikammwagia mtu aliyekuja kuhudumiwa.

Kwa hivyo kila asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, jiulize mambo mawili. Mwananchi akiniona, atatambua kwamba mimi ni mfanyakazi na kwamba nimemheshimu? Na je, nguo hii nitafanya kazi nayo mpaka jioni bila kuifikiria? Ukijibu ndiyo yote mawili, umevaa vizuri.

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe. Kwa hali yetu ya hewa, chagua pamba au kitani, au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Polista tupu hainyonyi jasho, na harufu hukaa ndani yake. Kitani hujikunja, lakini hupitisha hewa. Mikunjo michache haimfukuzi mtu kazini. Shati lisikubane, maana hewa inahitaji pa kupita. Rangi nayo ina maana: kijivu na samawati hafifu huonyesha jasho haraka, nyeupe na buluu iliyoiva huficha. Fulana nyepesi ya ndani husaidia pia.

Viatu vinunue jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Kiatu kilichokutosha asubuhi dukani kinaweza kukutesa saa tisa. Anayevuka feri au kutembea mbali avae viatu vyepesi njiani, vya ofisini aviweke kwenye mkoba. Na kwa kuwa ofisi nyingine zina kiyoyozi kikali, acha sweta au koti jepesi kwenye kiti chako.

Kuhusu pesa, nawaomba msirudie kosa langu. Usichukue mkopo wa simu ili uonekane afisa. Posho ya mwanagenzi mnaijua ilivyo. Mashati matatu au blauzi tatu, suruali au sketi mbili zinazooana nazo zote, na jozi moja ya viatu vinavyong'arishwa: hizo zinakutosha kuanza. Zitafute Kongowea kwenye mitumba, kisha mpelekee fundi wa cherehani mtaani akupunguzie pale palipopwaya. Nguo ya mtumba iliyofuliwa, ikapigwa pasi na kukukaa vizuri, hakuna atakayeuliza ilitoka wapi.

Ijumaa ni siku yetu ya raha. Kanzu na kofia, buibui, dera la heshima, shati la kitenge, vyote karibuni. Mnamo Oktoba 2019 serikali ya kitaifa iliwataka watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa Kenya kila Ijumaa. Mimi nasema ukimshonesha fundi wa mtaani kwako shati moja, pesa hiyo imebaki hapa hapa nyumbani.

Kwa akina dada, sitawapimia sketi kwa rula. Nguo ambayo unaweza kuinama nayo kuchukua faili kabati la chini, kupanda tuktuk, na kukaa mbele ya mwananchi bila kuivutavuta, hiyo inatosha. Akina kaka, kipimo ni hicho hicho. Suruali inayopandishwa kila hatua haifai. Aliye mjamzito, au mwenye ulemavu ambaye kiatu au vazi fulani linamuumiza, asiteseke kimya. Mwambie msimamizi wako mtafute njia.

Mtakaokwenda nyanjani na maafisa wa kilimo, uvuvi au afya ya umma, vaeni kwa kazi ya huko. Mwenye suti kwenye mnada wa samaki huogopa kusogea karibu, na mtu akiogopa kusogea hawezi kukagua kitu. Vaeni beji kila siku, jina lionekane. Mwananchi ana haki ya kujua anazungumza na nani.

Mwisho, narudi kwa mzee wangu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inataja mavazi waziwazi miongoni mwa mambo ambayo serikali haiwezi kumbagua mtu kwa ajili yake. Mkazi akija na champali kutoka baharini, na ovaroli ya gereji, na leso aliyojifunga akikimbia kutoka sokoni, swali lenu la kwanza liwe ni moja: "Karibu, tukusaidie vipi?" Masharti ya mavazi tunayozungumzia hapa ni ya sisi tunaolipwa kukaa ofisini. Asiyelipwa hayamhusu.

Yule mzee aliniita mwanangu nami nikimrudisha mlangoni. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi ipasavyo. Nyinyi bado hamjamkosea mtu. Anzeni hivyo hivyo.