Nauli ya Daraja la Biashara: Namna ya Kuipunguza Bila Kuipoteza Safari



Huenda baadhi yenu mnashangaa kwamba katika mkutano wa watumiaji wa kawaida tunataka kuzungumzia daraja la biashara katika ndege za kimataifa. Wengi wetu viti vile vipana tunavipita tu tukielekea nyuma, mkoba begani. Lakini wanaouliza juu ya jambo hili mara nyingi si matajiri. Ni watoto wanaotaka kumrudisha mama yao kutoka Mumbai au Chennai baada ya upasuaji wa uti wa mgongo, na daktari ameagiza asikae wima kwa saa nyingi. Kwa mgonjwa huyo, kiti kinachokunjuka kikawa kitanda si anasa. Ukoo mzima umechanga ili kukipata, na fedha za mchango zikipotea si rahisi kuzichangisha tena.

Tuanze na jinsi nauli inavyopangwa. Nauli ya ndege si bei ya kiti, wala si bei ya umbali. Ni bei ya safari kutoka mji fulani hadi mji fulani, nayo hufuata ushindani uliopo baina ya miji hiyo miwili. Shirika lenye ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam kwenda Mumbai linajua kwamba abiria wa Dar es Salaam mwenye haraka atalipa. Abiria wa Nairobi, ambaye kwa shirika hilo hana budi kupitia Dar es Salaam na kubadilisha ndege, anahitaji kubembelezwa. Kwa hiyo yaweza kutokea kwamba nauli ya Nairobi–Dar es Salaam–Mumbai ikawa ndogo kuliko ile ya Dar es Salaam–Mumbai, katika ndege ile ile na kiti kile kile. Hapo ndipo zinapochipuka mbinu zote za kupunguza nauli. Baadhi ni halali na salama. Nyingine humgeukia mnunuzi.

Iliyo salama zaidi ni kugawa madaraja ndani ya tiketi moja. Mashirika mengi huruhusu tiketi ya kwenda na kurudi ambayo nusu yake ni daraja la kawaida na nusu ni daraja la biashara. Kama daktari ameridhika kwamba mgonjwa aweza kukaa wakati wa kwenda, kitanda kinunuliwe kwa ajili ya kurudi, anapokuwa na mshono mbichi. Ajabu ni kwamba wakala akisikia neno "biashara" hupiga hesabu ya biashara kwenda na kurudi, na mteja hajui kwamba kuna njia nyingine. Mwambieni apige hesabu zote mbili, kisha aziandike. Wala msikimbilie kununua tiketi mbili za kwenda tu, kwa maana katika mashirika mengi nauli ya upande mmoja ya daraja la biashara huzidi kwa mbali nusu ya nauli ya kwenda na kurudi.

Ulizeni pia aina ya ndege. Si kila kiti cha biashara kinalala. Katika ndege ndogo za safari fupi mara nyingi ni kiti kipana chenye kuegemea kidogo, na anayelipia kitanda akapewa kiegemeo ametupa fedha. Ikiwa safari ina vipande viwili, kimoja cha saa mbili mchana na kingine cha saa sita usiku, ulizeni kama yawezekana kulipia daraja la juu katika kile cha usiku peke yake. Msindikizaji naye aweza kukaa nyuma, ila kumbukeni kwamba wahudumu wa ndege kwa kawaida hawamlishi abiria wala kumsaidia ndani ya msalani. Mgonjwa asiyejiweza asitenganishwe na mtu wake kwa sababu ya nauli.

Mbinu ya pili ni kuanzia safari katika mji mwingine. Ni halali kabisa, mradi uende kweli ukaanzie huko. Tuchukue mfano wa kubuni: nauli kutoka Dar es Salaam ni dola 2,600, na kutoka Nairobi ni dola 1,900. Tofauti ni dola 700. Ondoa nauli ya kwenda Nairobi, malazi, chakula na siku za kazi zilizopotea, kisha uone kinachobaki. Kwa kijana mwenye afya huenda kikabaki cha kutosha. Lakini tiketi iliyoanzia Nairobi kwa kawaida humalizikia Nairobi, na mama yetu mwenye mgongo ulioshonwa atapanda basi kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Huko ni kuokoa dola na kuuvunja tena mgongo.

Hapo ndipo mtu anaposhawishika: "Nunua ile ya Nairobi, lakini pandia hapa hapa Dar es Salaam." Naomba mnisikilize kwa makini. Vipande vya tiketi hutumika kwa mpangilio wake. Abiria asipotokea katika kipande cha kwanza, kompyuta humwandika kuwa hakufika, na vipande vyote vinavyofuata, pamoja na vya kurudi, huweza kufutwa. Utafika kaunta na pasipoti yako, viza yako na mgonjwa wako, nawe huna safari.

Kuacha kipande cha mwisho hakufuti kitu kilichosalia, ila mizigo iliyokabidhiwa itaendelea hadi Nairobi, na shirika laweza kudai tofauti ya nauli. Mwaka 2016 abiria mmoja alinunua tiketi ya Lufthansa ya kutoka Oslo kwenda Seattle na kurudi, kupitia Frankfurt. Aliporudi, akakiacha kipande cha Frankfurt–Oslo. Shirika lilimshtaki likidai euro 2,112. Mahakama ya Berlin ililitupa dai hilo Desemba 2018, nalo shirika likakata rufaa. Abiria alishinda katika hatua ile, lakini ni nani kati yetu ana nguvu ya kubishana mahakamani na shirika la ndege kwa ajili ya kipande kimoja cha tiketi? Wakala anayekuuzia tiketi ya namna hiyo bila kukueleza hajakutendea haki. Muulize maswali mawili kabla ya kulipa: safari inaanzia wapi kwenye tiketi, na inaishia wapi?

Kuna pia kuunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti, tuseme Mumbai–Dubai kwa moja na Dubai–Dar es Salaam kwa nyingine. Jumla yaweza kupendeza. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote. Kwake wewe ni abiria aliyekosa ndege. Huenda ukalazimika kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, na kwa hiyo kuhitaji viza ya nchi ya katikati. Kwa mgonjwa, kila shirika litataka kibali chake la kiafya. Katika tiketi moja, mzigo wa kukufikisha mwisho ni wa shirika lililokuuzia.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza wanaokuja nyumbani, kuna kodi ya abiria wa anga. Kuanzia 1 Aprili 2025, kwa safari ya kuja Tanzania au Kenya, ilikuwa pauni 90 kwa daraja la chini kabisa na pauni 216 kwa madaraja ya juu yake. Anayeanzia Dublin na kuunganisha ndege London kwa tiketi moja, ndani ya saa 24, haitozwi. Naye sharti aanzie Dublin kweli, na mwenye pasipoti ya Tanzania aulize kwanza habari ya viza ya Ireland.

Mkishalipa, dai namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika. Herufi sita za nafasi iliyowekwa peke yake hazithibitishi kwamba fedha zenu zimelifikia shirika.

La mwisho ni kushushwa daraja: umelipia mbele, ukaketishwa nyuma. Kwa ndege inayoondoka Umoja wa Ulaya au Uingereza, au inayoelekea huko kwa shirika la huko, sheria inataka urudishiwe asilimia 75 ya nauli ya kipande hicho kikizidi kilomita 3,500. Mahakama ya Ulaya ilieleza mwaka 2016 kwamba kodi na tozo zisizotegemea daraja hazihesabiwi. Kwa safari zetu za India kanuni hiyo haitufikii, hivyo hifadhini masharti ya tiketi na ushahidi ulio mkononi. Msitupe pasi ya kupandia ndege yenye namba ya kiti mlichokalia, na ombeni maandishi ya shirika kabla hamjatoka uwanjani.