Elimu na Cheo cha Askari



Nimetakiwa niseme machache juu ya elimu na kazi ya uaskari. Hapo kwanza jeshi la Keya, lililoundwa mwaka 1902, lilipendelea watu wasiosoma, kwa kudhani kuwa msomi ni mtu wa maneno mengi. Lakini vita vya 1939 hata 1945 vilihitaji madereva, mafundi, wauguzi na watu wa simu ya upepo, na kazi hizo hazifanywi kwa nguvu za mwili tu. Basi jeshi likawa shule. Wengi walijifunza kusoma, kuandika na ufundi. Na aliyekwisha kuwa fundi alitaka ujira wa fundi, si wa mpagazi.

Walakini elimu peke yake haifungui mlango uliofungwa kwa amri. Seth Anthony wa Gold Coast, aliyekuwa mwalimu, alipewa uafisa katika jeshi la Kiingereza mwaka 1942, akapigana Burma. Katika Keya, muda wote wa vita vile, Mwafrika hakupewa uafisa, hata awe na elimu namna gani.

Ndugu zangu, hapa pana mafundisho mawili. Sisi wa kalamu tusimdharau mwenye ufundi wa mkono, maana naye amesoma. Tena, chama kiombapo shule, kiombe pia cheo kifuate elimu. Kwani kumfundisha mtu na kumzuilia cheo ni kuwasha taa na kuifunika kwa pishi.