Ekipe si mufuko wa mutu mumoja
Maneno tuliyosema mbele ya basuporta wa mupira, Likasi



Kuko wenye wanatuuliza: ninyi wa harakati ya raia, munatafuta nini mu mupira? Musemage juu ya maji, juu ya umeme, juu ya uchaguzi. Mupira ni ya kufurahi tu, muuache.

Tunajibu hivi. Mu muji wetu, ni pahali gani pengine vijana wanakusanyikaka mingi, mara kwa mara, bila mutu kuwagawia T-shirt wala franga ya transpo? Ni ku uwanja. Na kijana mwenye anazoea ku uwanja kulipa bila kuuliza, atazoea vile vile ku komine, ku masomo, ku bilo ya umeme. Njo maana tuko hapa.

Hatukukuja kutukana mutu. Hatutataja ekipe moja na kusema ni hii peke yake yenye kukosa, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko mu ekipe nyingi, kutoka Likasi mpaka Kinshasa. Mwenye kujijua atajijua.

Tunatoaka nini, tunapataka nini?

Wanasemaka suporta hana kitu, ni kelele tu. Tufanye hesabu, kwa mufano tu. Tuseme siku moja watu 2,000 wameingia, kila mutu na franga 1,000. Hiyo ni milioni mbili ya franga mu saa moja na nusu. Ongeza wenye wamelipa bei ya tribini. Ongeza mayo, mafulari, vuvuzela. Ongeza koloni ya pikipiki na gari zenye zinafwata ekipe mpaka Lubumbashi, kilometa 120 kwenda na kilometa 120 kurudi, kila mutu na mafuta yake. Ongeza mama mwenye kupika chakula ya bachezaji bila kulipwa, na kijana mwenye kupaka rangi ku ukuta bure, juu ya mapendo.

Sasa tuulize: ile milioni mbili iliandikwa wapi? Nani aliihesabia? Nani alitia saini? Mu basuporta wenye kuwa hapa, nani ameonaka siku moja karatasi ya hesabu ya ekipe yake, ata ukurasa mumoja? Muinue mikono.

Hakuna mukono. Basi si kelele tu tunatoaka. Tunatoaka makuta, wakati na nguvu, lakini hatupate jibu. Na siku mchezaji anagoma juu ya mushahara, komite inakuja kutuambia: "Basuporta, tuchangishe."

Mufuko wa mukubwa

Tuangalie namna mupira wetu unaongozwa. TP Mazembe iko mu mikono ya Moïse Katumbi tangu 1997, na kati ya 2007 na 2015 alikuwa tena gavana wa Katanga. FC Saint-Éloi Lupopo, ekipe ya bashemino, iliongozwa na Jacques Kyabula, wakati alikuwa gavana wa Haut-Katanga. Kule Kinshasa, AS Vita Club ilikaa miaka mingi chini ya jenerali Gabriel Amisi. Hizi ni mambo ya wazi, kila mutu anazijua. Hatuseme wote walifanya mubaya. Tunasema hivi: ku inchi yetu, kwa kuongoza ekipe kubwa, inaonekana lazima kuwa na cheo ao mufuko mukubwa.

Na tuwe wa kweli. Mufuko haufanane na mufuko. Mazembe ilibeba kombe ya mabingwa ya Afrika 2009, 2010 na 2015. Ku 2010 ilifika final ya kombe ya dunia ya klabu kule Abu Dhabi, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale, ikapigwa 3-0 na Inter ya Milano. Ikajenga uwanja wake yenyewe kule Kamalondo. Ikafungua akademi ya watoto. Kiisha, ku 2016, Katumbi akatoka mu inchi, akarudia tu 2019. Ekipe ilikufa? Hapana. Ku 2016 na 2017 ilibeba kombe ya shirikisho ya CAF mara mbili, mwenyewe akiwa mbali. Kwa sababu kulikuwa vitu vyenye kubakia: uwanja, bilo, watu wa kazi, watoto wa akademi.

Lakini ata ile ekipe kubwa iliumia siku karatasi ilikosa. Ku 2011, yenyewe ikiwa bingwa, CAF iliitoa mu kombe ya mabingwa juu ya mchezaji mumoja, Janvier Besala Bokungu, mwenye karatasi zake za kuhama hazikukuwa sawa. Simba ya Tanzania njo ililalamika. Ekipe yenye makuta, yenye bachezaji, yenye uwanja, ikaanguka juu ya dosie. Sasa ekipe ndogo yenye kutunza dosie zote mu telefone ya prezida, itapona namna gani?

Mufuko wenye kujenga ni mumoja. Mufuko wenye kulipa tu bisi na premi ya siku ya mechi ni mungine. Ule wa pili unajulikana: mwaka wa uchaguzi unafunguka, kisha uchaguzi unafungika. Bachezaji wanabakia ku maison bila mushahara, na sisi tunabakia na mayo yenye sura ya kandida.

Likasi inajua hii hadisi

Bandugu, hakuna muji wenye unapashwa kuelewa hii kuliko Likasi. Gécamines ilikuwa baba na mama. Masomo, hopitali, nyumba, unga, mupira, vyote vilitoka kwake. Wazee wetu hawakuuliza hesabu, kwa sababu kila mwezi posho ilifika. Kisha ku miaka ya 1990 kampuni ikaanguka, na kila kitu chenye kilikuwa juu ya mabega yake kikaanguka naye. Ku 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wakatolewa mu kazi kwa ile yenye iliitwa "départ volontaire". Mu nyumba nyingi hapa, ile kilio haijaisha.

Hiyo njo fundisho. Mutoaji akiwa mumoja, siku anachoka, wote wanalala njaa. Tuliiona ku kazi, tuliiona ku masomo. Juu ya nini tuirudilie ku mupira?

Na juu kabisa mambo si mazuri. Ku 2023 FIFA iliweka komite ya kunyoosha mambo mu FECOFA, kwa sababu shirikisho yenyewe ilishindwa kujiongoza. Msimu wa 2022-2023 wa Linafoot haukufika mwisho. Bachezaji walitoka jasho, basuporta walilipa, na bingwa hakupatikana. Tukingojea Kinshasa itunyooshee ekipe za Likasi, tutangoja mingi.

Sheria inasema nini

Klabu nyingi za inchi yetu zinajiita shirika lisilo la faida, ile tunaita "asbl". Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 njo inaongoza mashirika ya namna ile. Katika shirika kama hilo, mukubwa wa wote si prezida. Mukubwa ni mukutano mukuu wa wanamemba. Mukutano njo unaweka viongozi na kuwatoa, njo unakubali bajeti na hesabu. Prezida ni mutumishi wa mukutano.

Kwa hiyo ulizo la kwanza kwa kila komite ni nyepesi: Wanamemba ni wanani? Liste iko wapi? Mukutano mukuu ulifanyika lini? Kama liste haiko, basi ile si klabu. Ni kikundi cha barafiki kando ya mutajiri.

Wengi wenu munavaa mayo ya Barça. Basi musikie namna kule inafanyika. Ku 2020 wanamemba wa FC Barcelona walichoka na prezida Bartomeu. Hawakutupa jiwe. Walikusanya saini zaidi ya 20,000 za kuomba kura ya kumutoa. Kura yenyewe haikufika: tarehe 27 Oktoba 2020 akaachia kiti na komite yake yote. Kalamu njo ilifanya ile kazi.

Mutasema Ulaya ni mbali. Tanzania ni jirani. Simba ya Dar es Salaam, ku 2017, wanamemba walikaa juu ya jambo la kuingiza mutajiri, Mohammed Dewji, na shilingi bilioni 20. Serikali ya kule ikasema: mutajiri hawezi kupita asilimia 49, asilimia 51 inabakia ya wanamemba. Maneno iliisha? Haikuisha. Wanamemba waliendelea kuuliza kwa miaka: ile bilioni 20 iko wapi, imeingia? Wengine walisema ni fujo. Sisi tunasema ni afya. Mutajiri aliingia, ekipe ikaendelea kubeba makombe, na watu hawakufunga kinywa.

Wenye wanatupinga

Wa kwanza wanasema: "Mukiuliza sana, mutafukuza mwenye kutoa." Tunawaheshimu wenye kutoa. Makuta yao ni ya kweli, na tunasema aksanti. Lakini mwenye kutoa na roho safi, karatasi inamulinda. Siku watamusingizia amekula, atainua hesabu: huyu hapa ni mimi, nilitoa hii, iliingia hapa. Mwenye kuogopa karatasi, tumuulize anaogopa nini.

Wa pili wanasema: "Ninyi munaleta politike mu mupira." Bandugu, politike iko mule tangu zamani, na mayo imevaa. Sisi tunaomba itoke, ao ijitambulishe kwa jina.

Wa tatu wanasema: "Suporta anataka ushindi, si makaratasi." Kweli, sisi wote tunataka kushinda. Lakini mchezaji mwenye miezi tatu bila mushahara anakimbiaka namna gani? Ushindi unaanzaka Juma tatu ku bilo, siyo Juma ya mungu ku uwanja.

Tunaomba mambo ine

Moja: hesabu ya ekipe ibandikwe mbele ya watu, mara mbili kwa mwaka. Iliingia ngapi ku tiketi, ngapi ya wenye kutoa, ilitoka ngapi, ilienda kwa nani. Ukurasa mumoja unatosha, ku mulango wa uwanja na ku telefone.

Mbili: liste ya wanamemba ifunguliwe. Kila suporta alipe kotizasyo ndogo, yenye mama muuza mboga anaweza, apate karte, apate sauti yake mu mukutano mukuu. Na basuporta wawe na mujumbe wao mu komite, wa kuchagua wenyewe.

Tatu: kila mchezaji awe na kontra ya kuandika, na kopi yake mu mukono. Watoto wa miaka kumi na sita wanatia saini bila kusoma, kisha wanauzwa na hawajue bei. Muzazi awe pale.

Ine: uwanja. Uwanja wa Kikula ni wa wote. Kodi ya madini mu sheria ya 2018 inagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji ao komine kwenye madini inatoka, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Tunaomba wakubwa wa muji watuambie wazi: mu ile yenye Likasi inapata, kuna ata franga moja ya milango, ya vyoo, ya mulango wa kutokea haraka? Ku Mei 2014, kule Kinshasa, watu 15 walikufa siku ya mechi ya Vita na Mazembe. Walitoka nyumbani kuangalia mupira. Vyoo na milango si mapambo.

Tutafanya namna gani

Hatutafunga barabara juu ya mupira, na hatutavunja kiti ata kimoja. Viti ni vyetu. Mwenye kutupa jiwe anampa komite sababu ya kutukimbia.

Katiba yetu, mu artikle 27, inasema kila Mukongomani ana haki ya kuandikia wakubwa wa serikali petisyo, peke yake ao pamoja na wengine, na wao wanapashwa kujibu mu miezi tatu. Basi juu ya uwanja, tutaandikia meri. Juu ya hesabu, tutaandikia komite za ekipe, barua kwa kila moja, na tutaomba alama ya kupokea. Barua bila alama ya kupokea ni hewa.

Kila kikundi cha basuporta kichague watu wawili, mumoja kijana mwanamuke, kwa kukusanya saini. Mwenye hajui kuandika aweke kidole. Tunaandika jina, komine, saini, basi. Hatuchukue makuta ya mutu. Mukiona mutu anachangisha kwa jina letu, mujue si wetu.

Na tuanze na sisi wenyewe. Vikundi vya basuporta vina makese yao ya ngoma, ya mayo, ya matanga. Juma yenye kuja, kila kikundi kibandike hesabu ya kese yake mbele ya wote. Hatuwezi kuomba prezida mwangaza na sisi tunahesabiaka mu giza.

Bandugu, mutajiri atakuja, mutajiri ataenda. Gavana atabadilika. Mchezaji atauzwa. Suporta tu njo habadilishake ekipe. Alizaliwa nayo, atazikwa na fulari yake. Mwenye kubakia njo anapashwa kujua hesabu.

Karatasi za saini ziko hapa ku meza. Kalamu ziko. Mupite mumoja mumoja, bila kusukumana.