Mji Uliopitwa na Mfereji

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele kidogo, hatuumi.

Leo tumewaletea habari za mbali. Tunataka kuongea juu ya mji mdogo wa Uingereza unaoitwa Bewdley. Hutamkwa "Byudli". Tunajua kuna mtu anajiuliza, Bewdley na sisi wapi na wapi? Sababu ni hii. Katika vikundi tunavyotembelea kuna neno tunalolisikia mara nyingi: ati barabara ya lami ikipita kule ng'ambo, soko letu limekwisha. Na wengine huongeza kwamba makosa ni ya wazee, wao ndio waliokataa maendeleo. Basi Bewdley ni mji uliopitwa namna hiyo hiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita, na huko nako wazee walilaumiwa. Tuone ilikuwaje.

Mji wenyewe uko kando ya mto Severn. Huu ndio mto mrefu kuliko yote kule, kama kilomita 354. Unaanzia milima ya Wales, unazunguka sana, kisha unaingia baharini karibu na Bristol. Watu wa Bewdley leo ni kama 9,000 tu. Kanisa la Mtakatifu Anne liko katikati, mahali barabara kubwa inapoanzia kuteremka kwenda darajani. Barabara hiyo huitwa Load Street. Ninyi mnaojua Kiingereza mtasema hiyo ni barabara ya mzigo. Sivyo, ni neno la zamani sana lenye maana ya kivuko. Lakini aliyesema mzigo hakukosea sana, kwa sababu mji wote ulikula kwa mizigo.

Ilikuwa hivi. Zamani barabara za Uingereza zilikuwa matope matupu, gari la kukokotwa linazama mpaka ekseli. Mzigo mzito ulipita majini. Mashua za Severn zilikuwa pana, chini bapa, ili zipite penye maji haba. Zilipanda kutoka Bristol na sukari, tumbaku na mvinyo. Na hapa tusifiche neno: sukari ile na tumbaku ile vililimwa na Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa ng'ambo ya bahari, na Bristol ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara hiyo. Kwa hiyo hata mji mdogo wa bara, wenye kanisa lake na soko lake, ulikuwa na sehemu katika jasho hilo, ijapokuwa wengi wao hawakumwona mtumwa hata mmoja kwa macho.

Zikifika Bewdley, mashua zilipakuliwa. Mzigo ukapandishwa juu ya farasi, misafara mirefu, kwenda Birmingham, Wolverhampton na miji mingine isiyo na mto mkubwa. Farasi hao hao walirudi na misumari, vyombo vya chuma na nguo, vikateremka na mashua. Sasa tazameni vizuri pesa ilibaki wapi. Sukari haikuwa ya Bewdley. Chuma hakikuwa cha Bewdley. Lakini mahali mzigo unaposhuka mgongo mmoja ukapanda mwingine, hapo watu hula. Kuna mpakuzi, kuna mwenye ghala, mwenye nyumba ya wageni, mwenye zizi la farasi, fundi wa viatu vya farasi, msokota kamba, mama muuza mikate. Ni kama stendi yoyote ya matatu.

Na mashua ilipandaje mto? Upepo ukiwapo, kwa tanga. Usipokuwapo, kwa vifua vya watu. Vibarua walijifunga kamba kifuani, kundi zima, wakaivuta mashua wakitembea ukingoni, mara matopeni, mara majini. Kiangazi mto ukipungua, mashua zilikwama zikangoja mvua, na vibarua nao wakangoja bila mshahara. Karibu na mwaka 1800 njia ya farasi ilitengenezwa ukingoni kutoka Bewdley kwenda juu hadi Coalbrookdale, penye viwanda vya chuma. Farasi wakachukua kazi ya wanaume wale. Ilikuwa kazi ya kuua mtu, hatuwezi kuililia. Lakini ilikuwa mkate wa mtu.

Akina mama, tusiwasahau. Kabla ya hayo yote kukua, Bewdley ilijulikana kwa kofia za sufu, zile zilizoitwa za Monmouth. Inasemekana kazi hiyo ilihamia Bewdley baada ya tauni kuuharibu mji wa Monmouth. Wanawake na watoto walifuma kofia nyumbani, kisha zikapondwa katika maji hadi sufu ikashikana kabisa, mvua isipenye. Mabaharia na askari walizipenda. Serikali ilitaka kuilinda kazi hiyo, na mwaka 1571 bunge lilitunga sheria kwamba kila mtu aliyezidi miaka 6, isipokuwa wakubwa, avae kofia ya sufu kila Jumapili na sikukuu. Asiyevaa alipe shilingi 3 na peni 4 kwa siku. Watu hawakuijali. Walitaka kofia za mtindo mpya, na mwaka 1597 sheria ikafutwa. Kofia za Bewdley ziliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo, kwa sababu zilikuwa nzuri, si kwa sababu ya polisi.

Sasa tufike kwenye mfereji.

Mwaka 1766 bunge lilikubali mfereji uchimbwe kuunganisha mto Severn na mifereji inayokwenda kaskazini. Fundi mkuu alikuwa James Brindley. Ulifunguliwa mwaka 1772, urefu wake kama kilomita 74. Lakini haukufika Bewdley. Uliingia mtoni kilomita chache tu chini yake, mahali pa nyumba chache palipoitwa Lower Mitton. Hapo yakachimbwa mabwawa makubwa ya kuegesha mashua, maghala yakajengwa, watu wakahamia, ukazaliwa mji mpya kabisa: Stourport. Mashua moja ya mfereji, ikivutwa na farasi mmoja, ilibeba mzigo wa farasi wengi sana wa mgongoni. Kwa nini basi tajiri apeleke bidhaa zake Bewdley?

Hadithi inayosimuliwa mpaka leo ni kwamba wazee wa Bewdley walimfukuza Brindley. Ati walimwambia hawataki mtaro wake unaonuka. Ni hadithi tamu, na sisi tulipoisikia mara ya kwanza tuliiamini, kwa maana kila mtu anamjua mzee wa namna hiyo. Lakini wanaochunguza historia wanaitilia shaka, na ukitazama ramani utaona sababu. Mfereji ulitoka upande wa mashariki, na kati ya Kidderminster na Bewdley kuna mwinuko. Ila kuna mto mdogo, Stour, ambao umejichimbia bonde lake pole pole mpaka Severn, na unaingia pale pale Stourport. Brindley alifuata bonde. Hata wazee wa Bewdley wangemchinjia ng'ombe mzima, mlima ungebaki palepale.

Tunasema hivi kwa sababu lawama ina gharama yake. Watu wakikaa miaka 50 wakisema "wazee wetu walituharibia", hakuna anayeuliza, je, tulikuwa na nini kingine?

Bewdley ilikuwa na vitu vingine, na ndiyo maana haikufa kwa siku moja. Karibu nayo kuna msitu wa Wyre. Magome ya mialoni yalikwenda kwenye viwanda vya ngozi, kuni zikawa makaa ya kuyeyushia chuma, vijiti vikawa fagio, na fito zikasukwa vikapu. Mjini palikuwa na wasokota kamba, wafua shaba, watengeneza vitana vya pembe. Kazi ndogo ndogo, hakuna hata moja iliyotajirisha mji. Zikaendelea kwa vizazi kadhaa, nyingine zikanyauka moja moja katika karne ya 19 viwanda vikubwa vilipozishinda.

Mto nao ukawatoka. Katika miaka ya 1840 milango ya maji ilijengwa ili mashua kubwa zipite hata wakati wa kiangazi, lakini kazi hiyo iliishia Stourport. Bewdley ikabaki juu yake, na maji haba kama zamani. Na msidhani Stourport walikaa wakicheka. Mwaka 1815 mfereji mwingine ulifunguliwa kutoka Birmingham moja kwa moja hadi Worcester, na sehemu kubwa ya mizigo ya Stourport ikaenda huko. Aliyempita mwenzake akapitwa.

Reli ilifika Bewdley mwaka 1862. Watu wakafurahi, lakini reli haikuurudisha mji ulivyokuwa, kwa sababu reli ilifika kila mahali. Mtu mkubwa nao walimpata: Stanley Baldwin alizaliwa Bewdley mwaka 1867, akawa mbunge wao kuanzia 1908 hadi 1937, na Waziri Mkuu mara tatu. Mashua hazikurudi hata hivyo.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga.

La kwanza ni nyumba. Wafanyabiashara wa mto walipokuwa na pesa walijenga nyumba nzuri za matofali kando ya maji. Biashara ilipokwenda, hapakuwa na pesa ya kuzibomoa na kujenga za mtindo mpya. Zikabaki. Leo watu husafiri kuja kuziangalia, wakanywa chai, wakalala usiku mmoja. Mabucha ya zamani yamekuwa jumba la makumbusho, na humo watu huonyeshwa kamba zilivyosokotwa. Umaskini wa babu umekuwa biashara ya mjukuu. Tusitie chumvi, hata hivyo: kazi za kuhudumia wageni hazilipi sana, na wakazi wengi huenda kazini katika miji mingine.

La pili ni ile reli. Serikali iliona ni hasara. Treni za abiria kupitia bonde lote zilisimamishwa mwaka 1963, na stesheni ya Bewdley ikafungwa kwa abiria mwanzoni mwa 1970. Lakini Julai 1965 watu kadhaa walikutana Kidderminster, katika kilabu cha pombe (Mungu hutumia mahali popote), wakaunda chama cha kuiokoa. Hawakuwa matajiri. Walichanga, wakauza hisa kwa wapenzi wa treni, wakatumia Jumamosi zao kung'oa magugu na kukarabati injini za mvuke. Mwaka 1970 treni yao ya kwanza ilipita sehemu ya juu ya njia, mwaka 1974 wakafika Bewdley, na 1984 wakafika Kidderminster. Jumla ni kama kilomita 26. Mvua kubwa ya 2007 ilibomoa njia mahali pengi, na iliwachukua mpaka 2008 kuifungua yote tena. Wafanyakazi wengi hadi leo ni wa kujitolea. Hiyo ni harambee, hata kama wao hawaliiti jina hilo.

Mnaweza kuuliza, na mto je? Mto uko, na hauombi ruhusa. Mafuriko ya 1795 yaliliharibu daraja lao, na lile lililopo sasa ni la mwaka 1798, kazi ya Thomas Telford. Mwaka 1947 maji yaliingia vibaya sana, na tena mwaka 2000. Baada ya hapo wakajengewa kinga ya namna yake upande wa mji wa zamani. Watu hawakutaka ukuta wa kudumu, kwa sababu ungewazibia mto, na mto ndio unaoleta wageni. Basi ukuta ulizikwa chini ya ardhi ili maji yasipenye kwa chini, na juu yake hakuna kitu siku za kawaida. Mafuriko yakitangazwa, wafanyakazi huja na lori, husimamisha nguzo, huteremsha mbao za alumini kati ya nguzo na nguzo, huwasha pampu. Maji yakipungua, huvivua na kuvirudisha stoo.

Lakini ng'ambo ya pili ya daraja, mahali paitwapo Beales Corner, walitegemea vizuizi vya muda tu. Februari 2020 maji yaliruka juu yake yakaingia majumbani, wakati wenzao wa upande wa pili wa daraja walikuwa wakiwatazama kutoka mahali pakavu. Mto ni mmoja, daraja ni moja.

Hapo tumefika. Sasa ni zamu yenu. Yule mama aliyeinua mkono tangu tulipotaja kofia, aanze yeye.