Mzee Aniceti Kitereza, Mwandishi wa Mambo ya Nyumba
Hotuba kwa Wakristu na waalimu wa Kasulu na Kibondo, katika siku za jubilei



Katika siku za jubilei ni desturi kuwakumbuka wajenzi. Tumekwisha wataja waliofyatua matofali, waliobeba mawe kichwani, na wale mama waliowapikia mafundi. Leo twapenda kuwakumbusha mjenzi wa namna nyingine. Hakujenga kanisa, aliandika kitabu. Wala hakuwa mtu wa Buha, alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa Nyanza. Jina lake Aniceti Kitereza.

Labda mtu atauliza: Mkerewe ana habari gani nasi? Basi asikilize. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe, ulitoka Bagamoyo kwa miguu. Ulipofika Tabora ukagawanyika. Wengine wakashika njia ya magharibi wakafika Ujiji mwaka 1879, wengine wakaelekea kaskazini mpaka Nyanza na Buganda. Imani iliyopanda huku kwetu katika milima ya Kigoma, na imani iliyofika Ukerewe katika misioni ya Kagunguli, ni maji ya chemchemi moja yaliyofuata mifereji miwili. Kwa hiyo Mzee Kitereza ni ndugu yetu wa mlango wa pili.

Alizaliwa mwaka 1896, katika jamaa ya watawala wa Ukerewe. Akingali mdogo alifiwa na baba yake. Akasoma katika shule ya misioni, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko miaka yapata kumi akijifunza Kilatini, Kijerumani na Kiswahili. Mwisho wake hakupata upadre, akarudi kwao. Mwaka 1919 akafunga ndoa na Anna Katura. Akafanya kazi kwa wafanya biashara, baadaye akawa katekista na mfasiri wa misioni. Mkiyatazama maisha hayo kwa nje, mtasema ni maisha ya mwalimu ye yote wa kijiji.

Lakini ndani ya nyumba yake mlikuwa na msiba. Watoto wake waliozaliwa walikufa wakingali wadogo, asibaki hata mmoja. Ninyi mwajua, na sisi twajua, neno hili lina uzito gani katika nchi yetu. Nyumba isiyo na sauti ya mtoto husemwa kisimani, husemwa penye pombe, husemwa na shangazi na wifi. Na mara nyingi lawama yote humwangukia mke. Hata hivyo Aniceti hakumwacha Anna, wala hakutafuta mke wa pili. Alikaa naye katika sakramenti waliyoipokea.

Ndipo akaandika. Padre Almas Simard, mmisionari mtu wa Kanada, alimtia moyo aziandike desturi za Wakerewe kabla hazijasahauliwa. Aniceti hakuzipanga desturi hizo moja moja kama bidhaa dukani, bali alisimulia habari za mtu na mkewe, akaandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Mwaka 1945 akamaliza. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya nchi yetu ya Kigoma kufanywa Vikarieti mwaka 1946, ambayo ilikuwa Jimbo mwaka 1953.

Habari yenyewe ndiyo hii. Myombekere na mkewe Bugonoka walipendana, lakini hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Ndugu za mume wakamsengenya mwanamke na kumshauri mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka waliposikia mtoto wao anadharauliwa, wakaja kumchukua. Myombekere akabaki peke yake nyumbani, moto umezimika. Angaliweza kuoa, hakuna aliyemzuia. Walakini alishika njia akaenda kwa wakwe zake, akajinyenyekeza, akaomba mke wake. Wakwe wakamtoza faini ya pombe ya ndizi. Wazee mliokwisha pika pombe hiyo mwajua kazi yake: kukata mikungu, kuivisha, kukamua, kungoja, kisha kutafuta watu wa kubeba mitungi. Akaifanya yote. Bugonoka akarudi.

Baadaye walizaa mtoto mwanamume, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Jina la kwanza maana yake ni kama kusema, ninacho kifo siku zote. La pili lauliza, huzuni itakwisha lini? Sisi wa Buha hatuna haja ya kufasiriwa sana, kwa maana mababu zetu pia waliweka katika jina la mtoto yale yaliyoujaza moyo wa mzazi.

Wakristu wengine huuliza: yawaje Mkatoliki, tena katekista, kuandika kitabu ambamo watu wanakwenda kwa mganga na kuwaomba mizimu? Ni kweli, yamo. Wazazi hao walitibiwa na mganga Kibuguma, wala ndani ya habari yao hamna padre wala ubatizo, kwa sababu mwandishi alisimulia siku za kabla ya Wazungu kufika. Hakutaka kusema uongo juu ya wazee wake, wala kuwavika rozari ambayo hawakuivaa. Lakini kati ya mambo hayo ya kale alionyesha mwanamume aliyekataa kumtupa mkewe, na wakwe waliojua kwamba binti yao si mbuzi wa kurudishwa zizini. Sisi twafikiri hiyo nayo ni katekesimu. Mmisionari alipokuja kufundisha kwamba mume na mke wasitengane, hakuleta neno geni kabisa, kwani walikuwapo waliokwisha kulitamani kabla hawajalisikia.

Sasa tuseme habari zetu wenyewe, kwa kuwa jubilei si siku ya kujisifu tu. Babu zetu wengi walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Wengine walirudi na blanketi na jembe, wengine hawakurudi kamwe, na wake zao wakazeeka wakitazama njia. Tangu miaka ya tisini tumewaona majirani wakifika Nyarugusu na Nduta, jamaa zimetawanyika, mama akiuliza habari za mumewe kwa kila mgeni. Nchi yetu yajua maana ya nyumba iliyokatika.

Tena liko jambo moja linalotuuma. Katika kijiji kimojawapo tuliona mume akimrudisha mkewe kwa wazazi wake, kwa kuwa miaka sita ilipita bila mtoto. Ilikuwa siku ya soko. Alimbebea sanduku lake mpaka njia panda, akaliweka chini, akageuka. Walikuwa wamefunga ndoa mbele yetu. Tulikuwapo, tuliimba, tulikula ubwabwa wa arusi yao. Na siku ile ya njia panda tulinyamaza. Hakuna mzee aliyekwenda kumwita yule mume, wala mwalimu, wala sisi wenyewe. Tulisema, ni mambo ya nyumba yao. Tulipoisoma baadaye habari ya Myombekere na mitungi yake, tuliona aibu. Katika kitabu kile majirani wanasaidia pombe ipikwe ili mke arudi. Sisi tulisaidia nini?

Ninyi waalimu, liko fundisho lenu pia. Kitabu kile kilipokwisha kuandikwa, hakikupata mchapaji. Padre Simard alianza kazi ya kukifasiri kwa Kifaransa, akafa kabla hakijachapwa. Miaka ikapita, karatasi zikakaa. Karibu na mwaka 1968 wakafika Ukerewe Bwana Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, Wamarekani, wakitafuta habari za kale, wakamkuta mzee. Wakaona kwamba Kikerewe hakitapata mchapaji kwa urahisi. Basi mzee, umri wake umepita miaka sabini, akakaa tena kitako akakifasiri kitabu chote kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Nakala zilipigwa chapa China, zikasafiri baharini. Mwaka 1981 mzee akafariki, kabla hajakishika mkononi.

Miaka thelathini na mitano alingoja! Baada yake kitabu kimekwenda mbali. Bwana Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Bwana Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza. Lakini mwandishi alilala kaburini bila kuona hata ukurasa mmoja uliochapwa, kama alivyokaa nyumbani bila mtoto wa kumwita baba. Wala hakuacha kazi, wala hakuacha mke.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Ninyi waalimu, kila mmoja anunue daftari moja, aende kwa mzee mmoja wa kijiji chake, aandike kwa Kiha jinsi watu walivyochumbiana, walivyosalimiana kwa makofi ya heshima, walivyopatanishwa walipogombana. Msingoje mchapaji. Mzee Kitereza hakumngoja.

Nanyi wakubwa wa jumuiya, mkisikia kwamba kuna nyumba inayovunjika kwa ajili ya kukosa mtoto, au kwa ajili ya safari ndefu, msikae kimya kama tulivyokaa sisi. Nendeni wawili wawili. Mketi na mume, mketi na mke, mketi na wakwe. Kama ni faini, saidieni kuibeba mitungi. Yule mama wa njia panda bado yu hai, anaishi kwa kaka yake, na kila Jumapili hukaa benchi la nyuma. Sisi tumekwisha kwenda kwake kumwomba radhi, tumechelewa miaka mingi. Alitupokea vema, akatupa viti, akatuuliza habari za watoto wetu.

Mungu azibariki nyumba zenu, zilizo na watoto na zisizo nao.

Tumsifu Yesu Kristu.