Tumalize Deni la Nyumba Mapema
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisegi)



Sisi tulio hapa Kisegi, kando ya Ziwa Victoria, tunajua uzito wa kujenga kwa mkopo. Hati ya shamba ikiwa rehani, nyumba bado si yetu.

Basi tupige hesabu. Tuseme tumekopa shilingi 300,000 kwa riba ya 1 kwa mia kila mwezi, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Kwa miezi 60 tutalipa kama shilingi 6,670 kila mwezi, na riba yote itapita shilingi 100,000. Lakini tukilipa 8,000 tangu mwanzo, deni litakwisha katika miezi 48, nasi tutaokoa zaidi ya shilingi 22,000.

Nyongeza hiyo itoke wapi? Tuache kukopa dukani kwa daftari. Tupande sukuma wiki nyumbani. Omena tununue kwa gorogoro, si kwa kikombe. Lakini chakula cha watoto na karo tusiviguse.

Kwanza tupate jibu kwa maandishi: je, kulipa mapema kuna faini? Je, nyongeza yetu itapunguza deni lenyewe?

Tena, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili ya mshahara. Tusitie sahihi kupita hapo.

Wala kubana matumizi kusitufanye tunyamaze juu ya mshahara mdogo. Tuweke akiba, na tudai haki yetu.