Cheo cha Heshima na Kijana Asiye na Mtu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Naivasha)



Halmashauri ya chama imetuomba tuseme maneno machache juu ya vyeo vya heshima na msaada wake kwa vijana wenye shida. Tumekubali kwa furaha, ingawa twajua kuwa baadhi ya tutakayosema hayatawapendeza wote walioketi safu ya mbele. Twaomba radhi mapema.

Cheo cha heshima twakiita kile ambacho mwenye nacho huketi mbele, hukata utepe, hupanda mti na kutia sahihi katika kitabu cha wageni, lakini hana ufunguo wa sanduku la fedha. Kwa miaka mingi mfano wake katika nchi yetu ulikuwa meya. Madiwani walimchagua, wakamvika joho na mkufu. Lakini utendaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa karani wa mji, na matumizi yalipitia kamati za baraza. Nairobi ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Bwana Charles Rubia, mwaka 1962. Nakuru na Naivasha nasi tulikuwa na mameya wetu, hata vyeo hivyo vikaondolewa pamoja na mabaraza ya miji mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Leo Nakuru ni jiji, tangu tarehe 1 Desemba 2021, na Naivasha ni manispaa yenye bodi; mwenyekiti wa bodi huongoza vikao, na meneja ndiye mtendaji. Mkufu umeondoka, lakini kiti cha mbele kimebaki, na watu wa kukikalia hawakosekani.

Je, kiti hicho chaweza kumfaa nini kijana wa Karagita ambaye mama yake hufunga maua mchana kutwa na kodi ya chumba ikampita? Wengi hujibu upesi: fedha. Sisi twaona jibu hilo ndilo lililotupoteza.

Bibi Margaret Kenyatta, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya wa Nairobi, alishika cheo hicho tangu 1970 hata 1976. Watu hukumbuka mkufu, tena hukumbuka kuwa alikuwa binti wa Rais. Sisi twapenda kukumbuka yaliyotangulia. Alikuwa amefundisha Githunguri miaka ya kabla ya Hali ya Hatari, hata chuo kile kilipofungwa mwaka 1952. Na mwaka 1963 aliingia barazani kama diwani wa Dagoretti. Alipoitwa aketi mbele, alikuwa amekwisha kuketi na wanafunzi na akina mama miaka mingi.

Tazameni pia Starehe. Mwezi wa Novemba 1959, Bwana Geoffrey Griffin pamoja na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu walifungua kituo cha kuwaokoa wavulana waliokuwa wakizurura Nairobi. Hakuna aliyewakabidhi jengo. Walianza na vibanda viwili vya mabati walivyopewa na kampuni za mafuta, Shell na BP. Hao hawakuwa na joho. Walikuwa na ujasiri wa kuingia katika ofisi za wenye mali na kuomba kitu kimoja kinachojulikana, wala si kuomba ‘msaada’ tu kwa jumla. Bwana Griffin aliendelea na kazi hiyo hata alipofariki mwaka 2005.

Huko Uingereza, meya wa mji huchagua mwanzoni mwa mwaka wake chama cha hisani kimoja au viwili, na mwaka mzima jina lake hufanya kazi kwa ajili ya hicho. Tena kila wilaya yao ina Sherifu Mkuu, cheo cha karne nyingi, cha mwaka mmoja, kisicho na mshahara. Twakubali kwamba desturi ya kigeni haihami nzima nzima. Lakini lile la kuchagua jambo moja na kulishikilia mwaka mzima, hata sisi twaliweza.

Sasa turudi nyumbani, tena kwetu sisi wenyewe. Yupo mgeni mmoja wa heshima tuliyemwalika zamani kidogo kuja kugawa sare za shule. Alikawia saa tatu. Watoto walisimama juani na nyimbo zao, mmoja akazimia, na mgeni alipofika akatoa ahadi mbili kubwa ambazo hatujaziona hata leo. Lakini kosa kubwa lilikuwa letu, wala hatulifichi. Mweka hazina alipofunga hesabu, tuliona kuwa hema, viti na chakula cha wakubwa vilikula fedha nyingi kuliko sare zenyewe.

Yupo na mwingine, mzee mwenye cheo cha mjini, ambaye hapendi kutajwa. Kulikuwa na kijana wa Maai Mahiu ambaye nyumba yao ilichukuliwa na maji katika maafa ya tarehe 29 Aprili 2024. Maji yalichukua na sanduku la karatasi. Bila cheti cha kuzaliwa hakuweza kupata kitambulisho. Na bila kitambulisho, shamba la maua halimwandiki, wala askari hamwamini njiani. Alipanda matatu kuja Naivasha mara nne, na katika ofisi moja aliambiwa mara nne arudi kesho. Nauli ya safari ya tano hakuwa nayo.

Mzee yule hakumpa shilingi. Alifuatana naye, akaketi naye kwenye benchi, akangoja zamu kama watu wote. Aliyekuwa mezani alipomtambua alitaka kumwingiza ndani. Mzee akakataa, akasema hayuko pale kwa shida yake. Karatasi zikapokelewa asubuhi ile ile. Kijana sasa yuko katika chuo cha ufundi, anajifunza kuchomea vyuma.

Tulipolisimulia jambo hili katika kikao cha Halmashauri, mama mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha: na yule asiyetujua, ataketi na nani? Alikuwa na haki. Mlango ukifunguliwa kwa ajili ya mmoja kwa sababu ya uso wa mkubwa, huo ni upendeleo, hata ukiwa upendeleo mwema. Kwa hiyo tumeona vema mwaka huu tusimwombe mwenye cheo atembee na kijana mmoja mmoja tu, bali atumie jina lake kuwakutanisha watu ambao sisi tukiwaita hawaji. Maofisa wa uandikishaji waweza kuletwa barazani kwa chifu, Karagita, Kihoto na Maai Mahiu, siku moja inayojulikana, ili vijana wasilipe nauli ya kuambiwa kesho. Kadhalika wasimamizi wa mashamba ya maua wanazo pampu, mitambo ya umeme na vyumba vya baridi vinavyohitaji mafundi. Nasi tunao vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Barua yetu huwekwa chini ya nyingine. Barua ya mwenye cheo husomwa.

Jambo la mwisho ni daftari. Katibu amenunua daftari moja, nalo liko pale mezani. Kila ahadi itakayotolewa leo itaandikwa humo, pamoja na jina na tarehe, na ukurasa huo utasomwa kwa sauti katika mkutano wa mwaka ujao, kabla ya chai. Mweka hazina ameshauri isomwe baada ya chai, kwa ajili ya adabu, Halmashauri haikukubali.

Barua mbili tulizozitaja zimekwisha kuandikwa. Zinangoja sahihi, na kalamu iko pamoja na daftari.